KUTOKA HENDELI HADI RIMOTI: historia ya kuwasha gari huku Kusini



Siku hizi ukikaa pale Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, utaona jambo ambalo wazee wetu wangeliita uchawi. Mfanyabiashara wa samaki anakunywa chai yake kwa utulivu, anatoa kidude mfukoni, anabonyeza, na pikapu iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara inaunguruma yenyewe. Hakuna mtu ndani. Kiyoyozi kinapuliza, na mwenyewe akimaliza chai anakuta kumepoa. Hiyo ndiyo rimoti stata. Mara nyingi gari halikutoka nayo kiwandani. Imenunuliwa Kariakoo, ikafungwa na fundi umeme chini ya dashibodi, basi.

Kasheshe ni siku ikigoma. Mwenye gari hajui ni waya zipi zilikatwa wala ziliungwa wapi, fundi aliyefunga yuko Dar es Salaam kilomita 300 kutoka hapo, na samaki wako nyuma kwenye barafu inayoyeyuka. Hasara ya siku moja ya namna hiyo inakula faida ya wiki nzima.

Nimezungumza na mafundi kadhaa wa ukanda huu kuhusu kasoro za vidude hivi, na nimegundua kuwa wale wazuri wote wanafanya kitu kimoja. Wanarudi nyuma. Wanaanza na rimoti, wanaenda kwenye funguo, kisha stata, kisha betri, na ikishindikana kabisa wanaita watu wasukume. Yaani wanapita kinyumenyume kwenye historia nzima ya kuwasha gari. Kwa hiyo leo tuanze na historia, halafu tuingie wote chini ya dashibodi.

ENZI ZA MABEGA

Pwani hii ilijua biashara kubwa karne nyingi kabla ya gari. Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 na kuukuta mji uliokuwa ukitajirika kwa dhahabu iliyotoka kusini, Sofala. Baadaye, karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa. Baharini mzigo ulikwenda kwa jahazi, bara ulikwenda kwa kichwa na bega la binadamu. Mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, hivyo mkokoteni haukuwa na wa kuuvuta.

Magari yalikuja kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliishika Kilwa Septemba 1916, na Lindi mwezi huo huo. Kutoka hapo wakasukuma majeshi bara kupambana na askari wa Lettow-Vorbeck, kukawa na mapigano makali ya Narungombe Julai 1917 na Mahiwa, kule upande wa Nyangao, Oktoba 1917. Katika vita hivyo Waingereza walitumia magari mepesi aina ya Ford, yale Model T. Lakini mvua ikinyesha barabara inageuka uji, magari yanasimama, na mzigo unarudi kwenye vichwa vya wapagazi. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Tukiisifu injini tusiwasahau waliobeba pale iliposhindwa.

HENDELI

Injini ya gari haiwezi kujianzisha. Ni lazima kitu kingine kiizungushe kwanza ili ivute hewa na mafuta, ivigandamize, ndipo mlipuko wa kwanza utokee na yenyewe iendelee. Msomaji shika jambo hilo moja, maana kila kifaa tutakachokitaja leo kazi yake ni hiyo tu: kuizungusha injini mara ya kwanza.

Mwanzo ilizungushwa kwa mkono. Chuma kilichopinda kinaingizwa mbele ya gari, kijana mwenye nguvu anakizungusha. Hiyo ndiyo hendeli. Kwenye malori kijana huyo aliitwa taniboi, na wengi husema jina limetokana na Kiingereza cha mtu wa kuzungusha. Sisi leo tunamwita utingo, na kazi yake imebaki kupakia na kushusha.

Hendeli ilikuwa na adabu zake. Dereva asiporudisha nyuma majira ya cheche, injini inaweza kulipuka mapema na kurudi kinyume kwa ghafla. Hendeli inakupiga nayo, mkono unavunjika. Ndiyo maana taniboi alifundishwa kushika hendeli kwa vidole vyote vitano upande mmoja, dole gumba lisizunguke upande wa pili. Marekani kuna simulizi maarufu kuwa mtengenezaji magari Byron Carter alifariki mwaka 1908 baada ya kuumizwa na hendeli alipokuwa akisaidia gari lililozimika, na kwamba habari hiyo ilimgusa mkuu wa Cadillac, Henry Leland. Kilicho wazi ni kuwa fundi Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alitengeneza mota ya umeme ya kuwashia injini, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka nayo. Ford Model T zilisubiri hadi 1919 kuanza kupata stata ya umeme.

Hapo ndipo betri ilipopata cheo kwenye gari. Kabla ya stata, gari bila betri nzuri liliweza kutembea. Baada ya stata, betri ikifa na wewe umekufa.

KARANGA, LANDIROVA NA FUNGUO

Mwaka 1947 Waingereza wakaja na ule mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Wakaleta matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikutosha hata kurudisha gharama. Mradi ukavunjwa 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magari na mashine za kazi kwa wingi namna ile zilikuwa kitu kipya kwa vijana wengi wa huku.

Landirova ilizinduliwa mwaka 1948. Kwa miaka mingi iliendelea kuwa na tundu la hendeli mbele ingawa ilikuwa na stata ya umeme. Waliojua maporini kulivyo waliona busara kuweka njia mbili. Mwaka uliofuata, 1949, Chrysler ya Marekani ikaleta mtindo wa kuwasha gari kwa kuzungusha funguo tu. Kabla ya hapo funguo ilifungua umeme, na stata ilikuwa na kitufe chake au pedali yake. Tangu hapo dereva akaanza kuamini kuwa funguo ndiyo inayowasha gari. Funguo haiwashi gari! Funguo inatuma umeme mdogo kwenye solenoidi, solenoidi inafungulia umeme mkubwa kutoka betri, stata inazunguka. Mnyororo huo ukatike popote, dereva analaumu funguo.

MIAKA YA KUSUKUMA

Waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka. Mafuta yakapanda kuanzia 1973, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka. Betri mpya ilikuwa bidhaa ya kutafutia barua ya mkubwa. Toyota Stout, Peugeot 404 na Landirova kuukuu ziliendelea kufanya kazi kwa viraka. Dereva mwerevu aliegesha gari kwenye mteremko kila jioni. Asubuhi anaweka gia ya pili, anakanyaga klachi, gari linateremka, anaachia klachi, injini inashika. Pasipo mteremko wanaitwa watu.

Kusini ilikuwa na shida ya ziada, nayo ni Rufiji. Kabla ya daraja, gari la kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara kwa pwani lilivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika barabara ilikatika. Watu walipanda meli, akina Canadian Spirit, au walikaa wakangoja. Gari likizimika katikati ya matope ya Somanga, hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo dereva wa Kusini alilazimika kuwa nusu fundi. Alijua waya wa stata ni upi, alijua kusafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, alijua kugonga stata kwa spana ili brashi zilizokwama zishike tena.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa Agosti 2003. Kile kipande kibaya cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kikapata lami miaka ya 2010. Barabara ikafunguka, na pikapu zikaongezeka.

CHIPU, ALAMU NA RIMOTI

Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na miaka ya 1990 yakamiminika. Pamoja nayo wakaja wezi wa magari, na nyuma ya wezi zikaja alamu.

Huko Ulaya tatizo la wizi lilifanya sheria ibane. Kufikia 1998 magari mapya ya Uingereza na Ujerumani yalitakiwa kuwa na imobilaiza, yaani chipu ndani ya funguo inayotambuliwa na kompyuta ya gari. Chipu isipoonekana, injini inazimwa hata kama stata inazunguka vizuri. Upande wa rimoti nako palikuwa na shida: mwizi aliweza kunasa mawimbi unapobonyeza na kuyarudia baadaye. Dawa iliyoenea sana ilitoka hapa hapa Afrika. Kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni miaka ya 1980 mfumo uitwao KeeLoq, ambao unabadilisha namba kila unapobonyeza. Mwaka 1995 uliuzwa kwa Microchip ya Marekani, ukaingia kwenye rimoti za magari sehemu nyingi za dunia. Miaka ya 2007 na 2008 watafiti wa vyuo vikuu wakaonyesha kuwa nao unavunjika.

Rimoti ya kuwasha injini ilipendwa kwanza kwenye nchi za baridi kali, Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako mtu anataka gari lipate joto kabla hajatoka nyumbani. Mwanzo zilifungwa na mafundi wa mitaani, na viwanda vikafuata. General Motors ilianza kuiweka kiwandani kwenye Chevrolet Malibu ya mwaka 2004. Sisi tumekipokea kidude cha kupashia joto tukakifanya cha kupozea. Sawa tu. Lakini kimebuniwa zaidi kwa gari la gia za otomatiki linalolala kwenye gereji kavu, sisi tumekifunga kwenye pikapu ya gia za mkono, dizeli, inayobeba samaki kando ya bahari. Matatizo mengi yanaanzia hapo.

TURUDI NYUMA SASA

Haya, rimoti imegoma. Usianze kuchomoa waya. Fuata hatua hizi.

Kwanza, jaribu kuwasha kwa funguo ya kawaida. Funguo nayo ikigoma, iache rimoti, tatizo liko chini zaidi. Washa taa kubwa kisha zungusha funguo. Taa zikizimika kabisa, tazama betri na vichwa vyake. Taa zikibaki kali huku unasikia "tak" moja tu, tazama solenoidi na stata. Kama una mita, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata ikizunguka, ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au kuna mguso mbaya.

Pili, funguo inawasha lakini rimoti haiwashi. Bonyeza huku ukitazama taa za pembeni. Zisipomulika kabisa, kiboksi hakijasikia. Badilisha betri ya rimoti, tazama fyuzi ya kiboksi, na hakikisha hakijawekwa kwenye hali ya kumpa fundi gari, ambayo huzima kazi zote za rimoti.

Tatu, taa zinamulika lakini stata haizunguki. Hapo kiboksi kimesikia, kinakataa. Kinakataa kwa sababu za usalama: boneti liko wazi, breki imekanyagwa, handibreki haijavutwa, au mlango umefunguliwa. Pwani mkosaji mkubwa ni pini ya boneti. Pini hii hugusa bodi boneti likiwa wazi. Chumvi ya bahari ikiikamata kwa kutu inakwama pale pale, na kiboksi kinaamini boneti liko wazi daima. Isafishe, itie grisi. Viboksi vingi humulika taa idadi fulani kutaja sababu ya kukataa, na maana yake imo kwenye kile kikaratasi tunachotupa pamoja na boksi.

Nne, injini inashika kisha inazima ndani ya sekunde moja au mbili. Hiyo ni imobilaiza, kiboksi hakikuionyesha kompyuta chipu. Mafundi wengi huficha funguo ya pili yenye chipu chini ya dashibodi. Inafanya kazi, ila ujue umempunguzia mwizi nusu ya kazi yake.

Tano, stata inaendelea kusaga wakati injini imeshawaka, au injini inawaka vizuri kisha kiboksi kinaizima baada ya sekunde kadhaa. Hapo kiboksi hakijui kama injini imewaka. Kwenye petroli husoma mzunguko kwenye waya za koili. Dizeli haina cheche, hivyo lazima kisome kwenye altaneta au sensa ya injini. Fundi aliyezoea magari madogo ya petroli hukosea sana hapa. Dizeli pia inahitaji kungoja plagi za joto. Kiboksi kilichowekwa kwa petroli hakingoji. Huku kwenye joto hutaona tatizo mpaka injini izeeke.

Sita, injini inawaka lakini kiyoyozi kimya. Gari lina waya zaidi ya moja wa swichi, na ule wa vifaa vya ndani haukuunganishwa au rilei yake imeungua.

Saba, leo inakubali, kesho inakataa, bila mpango. Tafuta ethi. Waya wa ethi uliobanwa juu ya rangi au kutu, na maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu, hewa ya bahari inayala taratibu. Maungio yachomwe kwa risasi, ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa.

JAMBO LINALOUA

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Gari la gia za mkono likiachwa kwenye gia, stata ikizunguka gari linaruka mbele. Injini ikishika, linaondoka. Hakuna mtu wa kukanyaga breki.

Kiboksi kizuri kina utaratibu wake kwa gari la namna hii: unaegesha injini ikiwa inaunguruma, unaweka fri, unavuta handibreki, unatoka na kufunga milango, ndipo unazima kwa rimoti. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, kinafuta ruhusa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa ameingiza gia. Wateja wanauona utaratibu huu ni usumbufu. Wanamwambia fundi autoe, na fundi anaunganisha waya wa fri moja kwa moja kwenye bodi. Kuanzia hapo kiboksi kinaamini gari liko fri siku zote. Waya wa klachi nao unaruka kwa mtindo huo huo. Mtoto anachukua rimoti mezani, anabonyeza, na wenzake wanacheza mbele ya gari uani.

Taniboi wa zamani aliuliza "umetoa gia?" kabla hajashika hendeli, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele. Leo anayewasha yuko gengeni, na aliyesimama mbele hajui kitu. Ukitaka kujua kama gari lako limefanyiwa hivyo, nenda uwanja mtupu, ukae kwenye usukani mguu ukiwa juu ya breki bila kuikanyaga, uweke gia ya kwanza, mwenzako abonyeze rimoti akiwa pembeni. Ikijaribu kuzungusha stata, kanyaga breki na klachi, zima, na usiitumie tena mpaka irekebishwe. Na usiwashe gari kwa rimoti likiwa ndani ya banda lililofungwa karibu na vyumba vya kulala. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyonukia.

MWISHO

Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Lami ipo, daraja lipo, na bado pwani hii inaweza kukurudisha miaka ya Ndundu kwa usiku mmoja. Siku hiyo rimoti haina msaada. Mwenye kujua gari lake ndiye mwenye msaada.

Kwa hiyo ukifunga kidude hiki, mdai fundi mambo matatu: mchoro wa waya alizokata ubaki kwenye dashibodi, swichi moja ya kukitoa kabisa kiboksi ili gari liwake kwa funguo kama lilivyotoka kiwandani, na waya wa fri usiunganishwe bodi hata ukimwomba mwenyewe. Fundi akikuambia haiwezekani, tafuta mwingine.

Alamsiki.